Madafu Kwenye Rejeta

Siku ile, Jabiri mwanangu, naikumbuka kwa harufu. Wenzangu siku zao huzikumbuka kwa mvua au kwa msiba. Yangu mimi hunijia puani. Ni harufu ya madafu yanayoungua ndani ya rejeta ya gari jekundu, kando ya barabara, mbele kidogo ya Mbwemkuru. Hunukia kama visheti vilivyosahaulika jikoni. Mpaka leo nikipita kwa muuza visheti hapa sokoni Lindi, moyo hunidunda kabla sijajua kwa nini.

Umekuja juzi na hilo gari lako la turbo. Shikamoo yako sijaiitikia bado, wewe umeshafungua boneti. Unataka rejeta kubwa ya alumini, unataka feni mbili za umeme, na themostati unataka itolewe kabisa, maana rafiki yako wa Dar amekwambia kwenye simu kwamba nchi hii ni ya joto na themostati ni kitu cha watu wa theluji. Nikakwambia rejeta sawa, feni sawa, lakini themostati mpya itafika Alhamisi, na mpaka Alhamisi gari halitoki hapa. Ukanuna. Mashavu yakakutuna kama ya marehemu baba yako alipokuwa akinyimwa ukoko wa wali. Basi kaa hapo kwenye tairi, chai ipo, nikueleze kwa nini shangazi yako ni mgumu kwa kidude chenyewe kisichojaza hata kiganja.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi rejeta kabla mji huu haujawa na mafundi watatu. Alinifundisha kuziba matundu kwa risasi ya kuyeyusha tangu nilipokuwa siwezi kusuka nywele zangu mwenyewe. Watu walipomwambia kazi hiyo haimfai binti, alijibu kwamba rejeta haijawahi kumuuliza mtu kama ni mume au mke. Nikakua ndani ya banda hili, mikono myeusi, ulimi mkali, na nilipotimiza miaka thelathini na ushee nilijiona nimeshajua kila kitu kinachovuja. Usicheke. Ujana hautoki kwa kuhesabu miaka, hutoka siku moja, na wakati mwingine hutoka kwa maumivu.

Wakati huo lami ya kwenda Nangurukuru ilikuwa mpya. Mhandisi mmoja wa barabara, kazi yake ilipokwisha, aliniuzia gari lake la milango miwili, jekundu, lenye turbo. Lilikuwa limezeeka, lakini uzee haukulipunguzia hasira. Ukikanyaga mafuta, shingo inarudi nyuma. Mji mzima ulinijua: Mwanahawa binti fundi, na gari lake. Nami nilipenda kujulikana, kwa nini nikufiche.

Gari lilikuwa na ugonjwa mmoja tu, joto. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, ila likikuta mlima mshale wa joto unapanda nalo. Nikaamua kuliponya mara moja. Nikaagiza rejeta ya alumini, nene mara mbili ya ile ya zamani, na feni mbili. Babu yako akaja kutazama, akaguna kwa kuridhika, kisha akaitoa themostati, akaifunga uzi na kuining'iniza ndani ya sufuria ya maji jikoni kwa mama. Maji yakachemka. Kidude kikafunguka nusu, tena kwa kujivuta.

"Hii imechoka," alisema. "Agiza nyingine. Itakuja na basi Alhamisi."

"Baba, kwa rejeta kubwa hivi, themostati ya nini? Si inaziba maji tu?"

Akanitazama kwa muda. Alikuwa na mtindo huo wa kukutazama mpaka ujisikie umesema kitu cha kipumbavu, hata kama hujui ni kipi.

"Mlango wa nyumba yako nao unaziba? Huyu ni bawabu, mwanangu. Injini ikiwa baridi, huyaacha maji yazunguke humohumo ndani yapate moto. Ikishapata moto, hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na palepale huifunga ile njia ya mkato. Mtoe, na njia zote mbili zitakuwa wazi. Na maji ni kama watu. Yatapita pa karibu."

Kisha akaongeza, kama kawaida yake, kwamba haraka haraka haina baraka. Nami, kama kawaida yangu, nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Akacheka. Tuliishi hivyo, mimi na yeye, kila mtu na methali yake mfukoni.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne ikaja simu kutoka Somanga.

Hapa sina budi nikwambie jambo la bibi yako, kwa sababu ndilo lililokuwa barabarani siku ile, si gari. Bibi yako alikuwa na mdogo wake mmoja tu, mama mdogo Somoe, aliyeolewa Somanga. Walipendana tangu utoto mpaka siku mama yao alipofariki. Bibi yako alitaka azikwe Rutamba, kwenye shamba lake, kwa watu wake. Mama mdogo alimuuguza kwake Somanga miezi mitano na alitaka azikwe pale. Wakazozana mbele ya maiti. Wazee wakaamua Rutamba, na tangu siku hiyo ndugu hao wawili hawakusemeshana. Miaka sita. Idi zilikuja zikapita, harusi zikapita, kila mmoja akimtumia mwenzake salamu kupitia midomo ya watoto.

Sasa binti wa mama mdogo akapiga simu analia. Mama yake yu taabani. Na amesema, "Mwiteni dada. Kuna neno nataka kumwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Bibi yako hakulia. Aliingia ndani, akatoka na mfuko, na ndani ya mfuko kanga mbili na msala. Alikuwa ameshamtuma mtu stendi kumshikia nafasi kwenye basi la alfajiri.

"Mama," nikamwambia, "hupandi basi. Kesho nakupeleka mimi."

"Gari lako si bado limefunguliwa?"

"Litakuwa tayari leo."

Mwanangu, ningependa kukwambia kwamba nilisema vile kwa mapenzi tu. Mapenzi yalikuwepo. Lakini yalikuwa na mwenzake. Watu wa Somanga walikuwa na maneno juu yangu: binti wa grisi, asiyeolewa, anayelala chini ya magari ya watu. Nilitaka wamwone mama akishuka kwenye gari langu, mlango mwekundu ukifunguka, mimi nyuma ya usukani. Nilitaka aonekane, na nionekane naye. Hapo ndipo safari ilipoharibika, kabla hata sijawasha injini.

Nikafanya kazi siku nzima. Rejeta ikakaa, feni zikakaa. Mahali pa themostati nikafunga kifuniko juu ya tundu tupu. Babu yako alipotoka msikitini alasiri, akaja akaizunguka ile kazi, akaisifu, kisha akauliza, "Na bawabu?"

"Kila kitu kimekaa mahali pake, baba."

Angalia nilivyolipanga neno. Alilipokea, akapigapiga boneti kwa kiganja, akaenda kunywa kahawa yake. Hakunikagua. Aliniamini, na hilo nalo linaniuma.

Tukaondoka kumekucha. Mchinga mama akaniomba nisimame, akanunua madafu sita. "Somoe akiumwa hali kitu," akasema, "tangu yuko mdogo. Hunywa dafu tu." Akayapanga miguuni pake, akayazungushia kanga yasigongane. Mbele ya Mchinga tukalikuta basi, lilelile alilokuwa alipande. Nikalipita kwa kishindo, nikapiga na honi. Mama akashika dashibodi kwa mikono miwili, akacheka: "Ee, Mwanahawa! Linaruka hili!" Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu. Mshale wa joto ulikuwa umetulia, na moyoni nikamcheka baba na bawabu wake.

Tulipovuka bonde la Mbwemkuru na kuanza kupanda, mshale ukanyanyuka. Nikajiambia ni kilima tu, likipata upepo litapoa, na badala ya kuachia mafuta nikaongeza. Mwenye kiburi akiona dalili huikimbilia, akidhani anaikimbia. Ukasikika mlio, pwaa, na kioo chote kikawa cheupe kwa mvuke. Mpira mmoja mdogo wa maji, wa zamani, uliokuwa umejificha nyuma ya injini, ulikuwa umepasuka.

Nikafungua boneti. Mwanangu, nikaweka kiganja kwenye rejeta yangu mpya, na rejeta ilikuwa vuguvugu tu. Ungeweza kumwogeshea mtoto. Lakini silinda hedi, kichwa chenyewe cha injini, ilikuwa haisogeleki. Nikaelewa pale pale. Maji yalikuwa yamepita pa karibu.

Nikawa nimeinama, najifanya natafuta spana, niliposikia honi. Lilikuwa basi. Linapanda polepole, mzigo juu, kondakta ametoa kichwa mlangoni anatutazama. Likapunguza mwendo. Ilinipasa kunyoosha mkono. Mkono tu, mwanangu! Mama angepanda, angekaa hata juu ya gunia la korosho, na kabla ya saa tano angekuwa kitandani kwa mdogo wake.

Sikunyoosha. Nililipita kwa honi asubuhi ile ile, na sasa wangeniona nimesimama na mvuke. Nikainua kidole gumba kuonyesha mambo shwari, kondakta akagonga bati, basi likaenda. Mama akalisindikiza kwa macho mpaka likapotea kwenye kona.

"Dakika kumi tu, mama," nikasema.

"Haya," akasema.

Dakika kumi zikawa saa. Nikangoja injini ipoe, nikaufunga mpira kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokuwa kwenye buti. Maji sasa. Na mimi, fundi rejeta, binti wa fundi rejeta, sikuwa nimebeba maji. Kwa nini nibebe? Nilikuwa na rejeta kubwa. Kulikuwa na kichupa kimoja cha mama cha kunywa, kikaisha bila kuonekana kimekwenda wapi. Magari mawili yakapita bila kusimama. Jua likatukuta.

Ndipo mama akainuka kutoka kwenye jiwe alilokalia, akaenda kwenye gari, akarudi amekumbatia madafu.

"Haya si maji?"

"Mama, hayo ni ya mama mdogo."

"Na mama mdogo yuko wapi?" akaniuliza. "Yuko hapa? Nikifika mikono mitupu atanisamehe. Nisipofika je?"

Nikakata la kwanza, nikamimina. La pili. La tatu. Kila nilipopasua, mama alitazama upande mwingine. La tano lilipoingia, nikaona maji yamefika karibu na mdomo wa rejeta, nikasema, "Moja zaidi." Akalishika la sita kifuani kwa mikono yote miwili kama mtoto mchanga.

"Hili hapana," akasema.

Tukaenda hivyo, mwendo wa baiskeli. Kila kilima tulisimama. Sukari ya madafu ikaanza kuungua ndani, ikavuja kwenye ule mpira niliofunga, ikadondokea injini ya moto, na harufu ile ikaingia ndani ya gari ikakaa nasi. Kwenye vijiji tuliomba maji ya kisima, yenye chumvi, tukaongeza. Mama alikaa na dafu lake mapajani na midomo yake ikisoma dua. Mimi nililia nikiendesha, kimyakimya, na yeye akajua, akaniwekea mkono begani mpaka Nangurukuru.

Somanga tulifika saa nane mchana. Basi lilikuwa limeshafika, limeshashusha, limeshaondoka. Binti wa mama mdogo akatoka mbio akatupokea, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Mama amekuulizia asubuhi yote. Basi lilipofika akasema nimwinue akae. Alizungumza mpaka adhuhuri."

Hakuna aliyelitazama gari langu.

Mama mdogo alikuwa hai. Macho yalikuwa hai. Lakini ulimi ulikuwa umekwisha kufunga, midomo inatikisika bila sauti. Bibi yako akakaa ukingoni mwa kitanda, akaomba kisu, akakata lile dafu la sita kwa mkono wake mwenyewe, akamnywesha kwa kijiko. Vijiko vitatu vikashuka. Cha nne kikamwagika shavuni, bibi yako akampangusa kwa ncha ya kanga. Mama mdogo akainua mkono, akaupitisha juu ya kifundo cha mkono wa dada yake, mara moja, mara mbili, kama mtu anayepapasa kutafuta bangili. Bibi yako akainama sikioni kwake. "Nimelisikia, Somoe," akamwambia. "Nimelisikia lote. Nami nimekusamehe, nisamehe."

Akafariki kesho yake.

Mpaka leo ukimuuliza bibi yako, atakwambia alilisikia. Pengine ni kweli. Ndugu wana masikio yao. Lakini mimi ninajua kwamba kulikuwa na neno, na lilikuwa na sauti tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na saa hizo mimi nilikuwa napasua madafu kando ya barabara kwa sababu niliona haya kunyoosha mkono.

Gari lilirudi Lindi limefungwa kamba nyuma ya lori. Babu yako aliifungua ile rejeta mwenyewe. Ndani ilikuwa nyeusi, inanata, kama sufuria ya kashata iliyounguzwa. Akakuta na lile tundu tupu la themostati. Nilisimama nikingoja matusi. Hakunitukana. Akajifuta mikono polepole, kidole baada ya kidole.

"Basi lilipita?"

"Lilipita, baba."

"Lilikuwa na nafasi?"

"Sijui. Sikulisimamisha."

Akaja akasimama mbele yangu.

"Themostati ningekusamehe leo hii," akasema. "Fundi hukosea, mimi mwenyewe nimekosea mengi. Hata kunidanganya ningekusamehe, ningengoja tu mpaka Ijumaa, baada ya swala. Lakini umeharibikiwa, msaada umekujia kwa magurudumu yake, ukauambia mambo shwari. Mficha maradhi, kifo humuumbua, Mwanahawa. Safari hii kimemuumbua mama yako." Kisha akaona nimevunjika, akanivuta kichwa changu kwenye bega lake lenye harufu ya risasi, tukakaa hivyo. Themostati mpya ilikuwa imeshafika. Ilikuja Alhamisi, kwa basi, kama alivyosema.

Ile ya zamani ndiyo hiyo unayoiona kwenye msumari, hapo juu ya picha yake. Ulidhani ni pambo.

Sasa nasaha zangu ni hizi, mwanangu, na za gari kwanza kwa kuwa ndizo ulizofuata. Rejeta kubwa utaipata. Feni utazipata, na lile kava la plastiki linalozizunguka usilitupe, bila hilo feni inapepea hewa ya pembeni. Kifuniko cha rejeta kiwe cha kipimo chake, usiweke chenye nguvu zaidi ukadhani ni ushujaa, mipira mizee itapasuka. Mipira yenyewe tutabadilisha yote, hata ile isiyoonekana, hiyo hasa. Maji ya visima vyetu yana chumvi, hayaingii kwenye alumini. Beba ndoo hata kama gari ni jipya. Na bawabu atakaa mlangoni. Kila utakachoambiwa ukitoe kwa sababu kinakuchelewesha, uliza kwanza kilikuwa kinalinda nini.

La pili ni lako wewe, si la gari. Ukiharibikiwa, sema. Sema pale pale, mbele ya watu uliowapita kwa honi. Aibu ya kunyoosha mkono ni ya dakika moja. Mimi aibu ya kutonyoosha ninaamka nayo kila siku ya Mungu.

Na la mwisho ndilo lililonifanya nikuwekee chai. Bibi yako kule Rutamba anakoishi siku hizi ameniuliza mara tatu mwezi huu, "Jabiri anakuja lini?" Nami nimemjibu mara tatu kwamba unangoja gari lipone umpeleke matembezi. Jana akaniambia, "Mwambie gari nimeshapanda, linaruka, nimeshaona. Aje mwenyewe. Kuna neno nataka kumwambia."

Nimelisikia neno hilo mara moja katika maisha yangu, mwanangu. Sitaki kulisikia likipita tena. Acha funguo hapo mezani. Gari la Rutamba linaondoka stendi saa saba, kaa popote utakapopata, hata juu ya gunia. Pita sokoni, mnunulie madafu, siku hizi naye hali kitu.

Nenda, mtoto wa ndugu yangu. Mungu akutangulie barabarani na akukute nyumbani. Akupe moto wa kukupeleka na ubaridi wa kukurudisha, akuwekee masikio ya kusikia maneno yanaposemwa na mkono mwepesi wa kuomba msaada. Ufike sauti ya bibi yako ikiwa bado ipo, nawe uikalie mpaka aseme yote. Amina. Haya, mbona umekaa? Ni saa sita na nusu.